Nani Amalize Hadithi? Msimulizi, Vikaragosi na Watu wa Suji

Utangulizi

Tangu miaka ya 1980, usimulizi wa hadithi na uchezeshaji wa vikaragosi umetumiwa katika nchi zetu kama njia ya kuwaelimisha wananchi. Huko Afrika Kusini, mwishoni mwa miaka hiyo, Gary Friedman na wenzake walipita mitaani na vikaragosi vikubwa wakifundisha juu ya UKIMWI. Nchini Kenya, mwaka 1994, kilianzishwa kikundi kinachojulikana kwa kifupi cha jina lake, CHAPS, ambacho wachezaji wake walisimama sokoni na viwanjani wakisema kwa vinywa vya vikaragosi juu ya afya ya jamii. Hapa Tanzania walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikuwa wametangulia kwa njia nyingine, yaani sanaa za maonyesho zinazotungwa na wanakijiji pamoja na wasanii.

Kanisa letu haliko mbali na mambo haya. Sharika zetu zina maigizo ya Krismasi na ya Pasaka. Walimu wa shule ya Jumapili husimulia kila juma. Vikundi vya wanawake na vya vijana hupenda kujifunza kwa mchezo kuliko kwa hotuba. Kwa hiyo msimulizi anayesafiri na mfuko wake wa vikaragosi, akihama kikundi hata kikundi, ni mtu ambaye mchungaji yeyote aweza kuombwa kumpokea. Yafaa tumtafakari kabla hajafika.

Makala hii haikusudii kuuliza kama njia hiyo inafaa. Manufaa yake yanajulikana. Tunalouliza ni hili: hadithi inapoletwa mbele ya watu, ni nani mwenye haki ya kuimaliza? Msimulizi, mfadhili aliyemtuma, au wasikilizaji? Kwetu sisi swali hili ni la sanaa na ni la theolojia pia, maana katika kulijibu tunaonyesha jinsi tunavyowahesabu watu tunaowahubiri.

Ili tusiseme hewani, tutalipima swali letu mahali pamoja, yaani Suji. Msimulizi tutakayemtaja huko ni mfano tuliouunda kwa ajili ya kupima hoja. Mahali, hata hivyo, ni pa kweli, na kazi tutakazozihakiki ni za kweli.

Mahali penyewe

Suji ipo juu ya Makanya, katika safu ya kusini ya Milima ya Upare, wilayani Same. Chini, katika uwanda wa Makanya, kuna reli itokayo Tanga kwenda Moshi, kuna mashamba ya mkonge, na nchi ni kavu. Juu kuna ubaridi na migomba, mahindi na maharage. Kati ya juu na chini kuna maji, na maji hayo ndiyo habari kubwa ya maisha ya watu. Tangu zamani Wapare wamejenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya kijito usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe yaende mashambani kwa mifereji. Ndiva haijengwi na mtu mmoja wala haisafishwi na mtu mmoja. Huitishwa msaragambo, kila mwenye nguvu akaja na jembe lake, na asiyefika hutozwa faini. Hayo ayajue msimulizi kabla hajafungua mfuko wake.

Jambo la pili la kujua ni la kanisa. Kwa historia ya misioni, Suji si mahali petu. Waadventista Wasabato walifika Upare ya Kusini mwaka 1903, na Suji ni mojawapo ya vituo vyao vya kale. Wamisionari wa Leipzig, ambao sisi ni watoto wa kazi yao, walikuwa Shigatini upande wa kaskazini, na Gonja na Mbaga upande huu wa kusini. Dayosisi yetu ya Pare iliundwa mwaka 1975 juu ya msingi huo. Hivyo milima ile ile iligawanywa, na watu wa lugha moja, Chasu, wakafundishwa kalenda mbili: huku ibada ni Jumamosi, huku ni Jumapili. Wako pia Waislamu, ambao Ijumaa yao ina heshima yake. Msaragambo hauwezi kuitishwa pasipo kuzihesabu siku hizo zote, na onyesho la hadithi vivyo hivyo.

Vitabu viwili vyenye neno moja

Wamisionari wa pande zote mbili waliandika juu ya Wapare. Jakob Dannholz wa Mbaga, Mlutheri, alitoa kitabu chake mwaka 1916. Ernst Kotz, Mwadventista, ambaye sarufi yake ya Chasu ilikuwa imechapishwa mwaka 1909, alitoa chake mwaka 1922. Vyote viwili viliandikwa kwa Kijerumani. Ukivifasiri vichwa vyake, cha kwanza chasema habari ya watu walio katika kifungo cha imani ya mizimu, na cha pili chasema habari ya watu walio katika kifungo cha hofu. Neno la kifungo ni lile lile katika vichwa vyote viwili.

Hatutaki kuwahukumu kwa wepesi. Watu hawa walijifunza Chasu kwa bidii ambayo watumishi wengi wa leo hawana, na kwa sababu yao tunayo maandishi juu ya desturi ambazo zingepotea pasipo kuandikwa. Tena hofu waliyoiona ilikuwapo. Injili iliwaweka watu wengi huru nayo, na wazee wetu wameishuhudia hivyo wao wenyewe. Lakini mhakiki hana budi kuuliza kichwa cha kitabu kinamweka wapi mtu anayesimuliwa. Aliye kifungoni hasimulii, husimuliwa. Huwa anangojewa aokolewe, na wakati wa kungoja maneno yake yanakusanywa kama dalili za ugonjwa wake.

Ni vyema tukumbuke kwamba katika misioni ile ile ya Leipzig alikuwapo Bruno Gutmann huko Uchagani, aliyechapisha mwaka 1914 kitabu kikubwa cha hadithi, ngano na visa vya Wachaga. Na baadaye Isaria Kimambo, mwana wa Upare, katika kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare kilichotoka mwaka 1969, alikwenda kwa wazee kama mwanafunzi aendavyo maktabani. Masimulizi yao aliyalinganisha ukoo kwa ukoo, akayapima, akayafanya kuwa msingi wa historia ya karne nyingi. Kimambo alifanya kazi ya kisayansi, lakini kwa tendo lile alitoa pia hukumu ya haki: watu hawa wana habari ya kusema, na habari yao yaweza kuaminiwa ikishapimwa.

Msimulizi wa leo apandaye Suji atachagua mojawapo ya njia hizi mbili hata kama hajavisoma vitabu hivi. Ama atakwenda kwa watu walio kifungoni, kifungo cha ujinga au cha mila au cha umaskini, akiwa na ufunguo mfukoni. Ama atakwenda kwa watu wenye habari.

Neno kikaragosi

Neno lenyewe linatuonya. Kikaragosi limetokana na Karagöz, mhusika wa mchezo wa vivuli wa Waturuki, ambaye jina lake lina maana ya mwenye jicho jeusi. Mchezo wake ulienea katika nchi za dola ya Kiosmani, ukafika Misri, na sisi tukalipata neno kwa njia ya pwani. Karagöz alipendwa kwa ulimi wake mkali. Hakujua kusoma, lakini aliwacheka wasomi na wakubwa, na watu walicheka pamoja naye.

Katika Kiswahili neno hilo lilichukua njia nyingine. Katika hotuba za siasa za miaka ya ukombozi, kikaragosi lilikuwa tusi: mtu asiye na nia yake, anayechezeshwa na mkono wa mkoloni au wa beberu. Kwa hiyo tunalo neno moja lenye urithi wa namna mbili: mcheshi awacheka wakubwa kwa ulimi wake, na mtumwa anayewasemea. Kila onyesho la vikaragosi tunaloliona laweza kuulizwa: kikaragosi hiki ni cha urithi upi?

Jibu halionekani katika sura ya kikaragosi wala katika uzuri wa nguo zake, bali katika mwisho wa onyesho. Kikaragosi kinapogeuka mwishoni na kuwaambia watu wajenge vyoo, wachanje watoto au wapande miti, maneno yale huenda ni ya kweli na ya lazima. Lakini wasikilizaji, hasa wazee, hutambua mara moja kwamba mcheshi ameondoka na aliyebaki anasoma barua ya mtu mwingine. Hucheka kidogo, hupiga makofi kwa adabu, na kurudi makwao. Katika onyesho la namna hiyo si kikaragosi peke yake kilichochezeshwa. Msimulizi naye amechezeshwa na aliyemtuma, na wasikilizaji wametakiwa wawe vikaragosi vya tatu, watikise vichwa kwa wakati uliopangwa.

Udongo uliofundisha kabla ya kitambaa

Wako wanaosema kwamba vikaragosi ni mambo ya kigeni na kwa hiyo havifai vijijini. Hoja hii haina nguvu. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya Tanganyika, aliandika mwaka 1944 juu ya sanamu ndogo za Wanguu, na mwaka 1956 akatoa kitabu kizima juu ya sanamu za udongo zilizotumiwa katika jando na unyago, kikiwataja pia Washambaa na Wazigua, ambao ni jirani wa Wapare. Sanamu hizo zilikuwa za watu, za wanyama na za vyombo vya nyumbani. Kila moja ilikuwa na wimbo wake. Mwalimu aliionyesha, wimbo ukaimbwa, na mwali akafundishwa maana iliyofichwa ndani yake. Wimbo haukusema jambo waziwazi. Ulikuwa fumbo, na mwanafunzi alitakiwa kulishika fumbo pamoja na tafsiri yake.

Hapa tunaona vitu vitatu vikienda pamoja: kitu cha kutazama, maneno ya fumbo, na kazi ya kufasiri. Onyesho la kisasa limehifadhi kitu cha kutazama. Mara nyingi limeliacha fumbo. Na kazi ya kufasiri limewanyang'anya wasikilizaji kabisa. Kwa upande huo mwalimu wa unyago, pamoja na yote ambayo Kanisa lilikuwa na sababu ya kuyakataa katika mafundisho yake, aliiheshimu akili ya mwanafunzi kuliko baadhi ya maonyesho yetu.

Hatuna budi pia kuijibu hoja ya washarika wanaoogopa sanamu kwa ajili ya amri ya Mungu. Wakristo wa Kilutheri wanayo historia katika jambo hili. Mwezi Machi 1522 Luther alirudi Wittenberg kutoka ngome ya Wartburg kwa sababu watu walikuwa wameanza kuvunja sanamu makanisani kwa fujo. Alihubiri siku nane mfululizo. Alifundisha kwamba kisichoweza kuvumiliwa ni kuiabudu sanamu. Sanamu yenyewe ni kitu cha hiari, na mioyo haigeuzwi kwa nguvu. Kwa hiyo tunamshauri msimulizi jambo rahisi: baada ya onyesho aufungue mfuko, autoe mkono wake ndani ya kikaragosi mbele ya watu wote, na awape watoto wakijaribu. Mahali ambapo watu wameijua hofu ya vitu vyenye nguvu za siri, kuonyesha mkono ni sehemu ya kusema kweli.

Kazi za karibuni

Katika kitabu chake cha mwaka 1991 juu ya utamaduni na maendeleo, Penina Muhando Mlama aliyachambua majaribio yaliyofanyika katika miaka ya 1980 huko Malya mkoani Mwanza, Bagamoyo, Msoga na Mkambalani. Utaratibu wake unajulikana. Wasanii huishi na wanakijiji, pamoja huchunguza shida zilizopo, shida huchambuliwa, kisha ngoma, nyimbo, hadithi na maigizo ya mahali pale hutumiwa kuzionyesha, na baada ya onyesho watu hujadiliana juu ya la kufanya. Ubora wa njia hii ni kwamba mtu wa kijijini ni mtungaji. Hapokei hadithi iliyokwisha kupikwa Dar es Salaam.

Udhaifu wake, kwa maoni yetu, ni wa namna mbili. Kwanza, hutaka muda mrefu, na wenye fedha hawapendi kungoja. Msanii mwenye juma moja tu hushawishika kuruka hatua za mwanzo na kufika na igizo lililo tayari. Pili, njia hii huianza kazi kwa kutafuta shida. Mtu akiulizwa shida zake kila anapotembelewa, hujifunza kujitambulisha kwa shida. Hapo tunarudi, kwa mlango wa nyuma, kwenye kile kifungo cha mwaka 1916 na cha mwaka 1922.

Vikaragosi vya namna ya CHAPS vina nguvu ambayo igizo la watu halina. Kikaragosi chaweza kutaja mambo ya ndoa na ya maradhi ambayo mtu mzima angeona haya kuyataja mbele ya wakwe zake. Aibu hubaki juu ya kitambaa, na mwenye mkono hubaki na heshima yake. Katika miaka ambayo UKIMWI uliua watu huku ukinyamaziwa, nguvu hii iliokoa maisha, na hatuna ruhusa ya kuidharau. Lakini nguvu ile ile ni hatari yake. Kwa kuwa kikaragosi chaweza kusema lolote, hupewa kusema yote. Hadithi ikifanywa gari la kubebea ujumbe, siku ujumbe unaposhushwa gari huachwa njiani. Hakuna mtoto atakayemsimulia mdogo wake usiku hadithi ya kampeni.

Sungura kisimani

Sasa tumpandishe msimulizi wetu Suji. Tuseme amealikwa na kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, na wanaume wa ndiva wamekuja kusikiliza. Tuseme ameichagua hadithi ambayo kila mtu anaijua, ile ya kisima cha wanyama. Kuna ukame. Wanyama wanakubaliana kuchimba kisima. Sungura anakataa kuchimba. Kisima kinapotoa maji, Sungura anakuja usiku kunywa, akiwahadaa walinzi mmoja baada ya mwingine kwa asali na maneno matamu. Mwisho Kobe anajificha ndani ya maji, mgongo wake umepakwa ulimbo, na Sungura ananaswa. Katika masimulizi mengi anaponyoka tena kwa hila nyingine.

Kwa msimulizi mwenye ujumbe, hadithi hii imekwisha kabla ya kuanza: asiyefika kwenye msaragambo ni Sungura, naye atanaswa. Viongozi wa ndiva watafurahi. Onyesho litaitwa la mafanikio.

Lakini hadithi yenyewe inakataa. Watu wamemcheka Fisi aliyefungwa kamba kwa ajili ya asali, na wamemshangilia Sungura. Hawakumshangilia kwa kuwa wanapenda wizi. Walishangilia kwa kuwa mdogo amewashinda wakubwa, na kila mmoja ana siku ambayo alikuwa mdogo. Furaha hiyo ni kweli moja. Kisima kimechimbwa kwa jasho la wengine, na hiyo nayo ni kweli. Hadithi inazishika zote mbili wala haitoi moja kwa ajili ya nyingine. Msimulizi mwenye ujumbe huiona furaha ile kuwa kosa la kusahihishwa. Msimulizi mwenye hekima hunyamaza hapo, akamshika Sungura mkono mmoja na Kobe mkono wa pili, akauliza: tumfanyeje huyu?

Hapo mambo ya Suji yataingia yenyewe. Mmoja atasema alipe faini. Mwingine atauliza kama Sungura aliitwa kwenye kikao siku walipopatana kuchimba. Mama mjane atasema kwamba yuko asiyefika msaragambo kwa sababu hana wa kumwachia mtoto, naye hutozwa faini sawa na mvivu. Na mwenye shamba mwishoni mwa mfereji, ambako maji hufika yakiwa yamekwisha, atauliza neno zito kuliko yote: mtu achimbe kwa nini kisima asichokunywa? Maswali haya tumeyatunga sisi kwa mfano, lakini ajuaye maisha ya mfereji hatayaona mageni. Wa juu na wa chini, mwanzo wa mfereji na mwisho wake, ni mashtaka ya kale kuliko misioni zote mbili.

Angalieni kilichotokea. Hadithi haijapoteza mafundisho yake, imeyazidisha. Ilikuja na hukumu moja juu ya mvivu, nayo imetoa hukumu juu ya mvivu, juu ya kikao na juu ya mgawo wa maji. Lakini imetoa hukumu hizo kwa vinywa vya wenye maji.

Na kuna jambo ambalo kikaragosi hulionyesha kuliko hadithi tupu. Sungura na Kobe, mwizi na mlinzi, wako juu ya mikono miwili ya mtu mmoja. Wasikilizaji wanaona. Mlutheri aliyefundishwa kwamba mwamini ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati ule ule hahitaji kuelezwa zaidi. Nani kati yetu hana mkono unaochimba na mkono unaoiba? Msimulizi akilisema hilo kwa maneno, ataliharibu. Afungue tu mfuko na kuonyesha mikono.

Nathani na mwana-kondoo

Maandiko yanatupa kipimo. Nabii Nathani alipotumwa kwa Daudi baada ya dhambi yake na Bathsheba, hakuanza na amri ya sita. Alisimulia habari ya tajiri mwenye mifugo mingi na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja. Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu mwenyewe, tena kwa kiapo. Ndipo Nathani akamwambia kuwa mtu yule ni yeye. Nguvu ya hadithi ilikuwa katika kumwachia Daudi kiti cha hakimu. Kama Nathani angeitoa hukumu mwanzoni, Daudi angejitetea. Alipoitoa mwenyewe, hakuwa na pa kukimbilia.

Mtu aweza kusema kwamba Nathani naye alikuwa na ujumbe. Ni kweli. Lakini tofauti ni kubwa. Ujumbe wa Nathani ulimpeleka kwa mwenye nguvu, ukaweka maisha yake mwenyewe hatarini. Ujumbe wa maonyesho yetu hutoka kwa wenye nguvu na kwenda kwa wakulima, na msimulizi hana la kuogopa. Msimulizi wa Suji angefanana na Nathani siku ambayo angeshuka na swali la yule wa mwisho wa mfereji, akalifikisha mezani pa wanaogawa maji na fedha wilayani.

Kadhalika Bwana wetu. Katika mfano wa Msamaria, mwanasheria aliyeuliza ndiye aliyetakiwa kutoa jibu. Katika mfano wa mwana mpotevu, ndugu mkubwa ameachwa nje ya nyumba, baba akimsihi, na Luka hatuambii kama aliingia. Watu wamehubiri mfano huu kwa karne nyingi na bado mlango ule uko wazi, kwa kuwa kila msikilizaji ndiye wa kuingia. Hata nabii Ezekieli, alipoagizwa kuchora mji juu ya tofali na kuuhusuru mbele ya macho ya watu kama mtoto achezavyo, alikuwa akiwafanya watazame kwanza na kujiuliza.

Luther mwenyewe alilijua jambo hili. Mwaka 1530, wakati Ungamo la Augsburg lilipokuwa likisomwa mbele ya Kaisari, yeye hakuweza kuwapo kwa sababu alikuwa chini ya hukumu ya dola, akakaa katika ngome ya Coburg. Huko, katikati ya barua na sala na mashaka makubwa, alikaa na hadithi za wanyama za Aesop akizitia katika Kijerumani cha watu wa kawaida. Wako watakaoona ajabu kwamba mwanatheolojia alitumia siku kama zile kwa mbwa-mwitu na mwana-kondoo. Sisi twaona amefanya kwa busara. Aliamini kwamba watu wakubwa kwa wadogo husikia kweli kwa kinywa cha mnyama, pale ambapo wangeikataa kwa kinywa cha mwalimu.

Kwa lugha ya darasani twaweza kusema hivi. Onyesho linaloishia katika agizo ni sheria tupu. Laweza kuwa sheria njema, lakini sheria humwacha mtu na deni. Hadithi inayompa msikilizaji nafasi ya kuhukumu, kisha kujiona ndani yake, kisha kucheka pamoja na jirani aliyejiona naye, haijawa Injili bado. Lakini imelima shamba ambamo Injili yaweza kupandwa. Imewatendea watu kama wenye masikio.

Yatupasayo

Kutokana na hayo tunatoa maoni manne kwa wachungaji, wainjilisti na viongozi wa vikundi.

Kwanza, msimulizi asikilize kabla ya kusimulia. Siku ya kwanza iwe ya wenyeji: waulizwe hadithi zao kabla ya kuulizwa shida zao. Mzee akianza kwa Chasu, asikatizwe ili afasiri. Wajukuu watafasiri baadaye, nao watafaidika kwa kufasiri.

Pili, kikaragosi cha pili kikabidhiwe kwa mtu wa mahali, aseme kwa lugha ya nyumbani. Hadithi yenye wasimulizi wawili, mgeni na mwenyeji, haiwezi kumilikiwa na mmoja.

Tatu, siku ichaguliwe kwa heshima. Suji si uwanja wa Walutheri kuvuna. Msimulizi akipokewa na sisi, aende kwa ndugu Waadventista na kwa Waislamu pia, na mahali pake pa kusimamia pawe pale watu wote wanapokutana kwa kazi, karibu na ndiva, pasipo bendera ya dhehebu. Kama msaragambo umeweza kuziunganisha kalenda tatu kwa ajili ya maji, hadithi nayo yaweza.

Nne, anayetoa fedha aambiwe mapema kwamba mwisho wa hadithi hauuzwi. Kama hawezi kuivumilia hadithi ambayo huenda ikaishia katika swali juu ya mgawo wake mwenyewe, basi apeleke mabango na vipeperushi. Hivyo ni vitu vyenye heshima yake, na havijidai kuwa hadithi.

Hitimisho

Tumeuliza nani amalize hadithi, na jibu letu ni kwamba amalize yule atakayeishi nayo baada ya msimulizi kushuka Makanya na kupanda basi. Sanaa ya vikaragosi ni njema, na sisi tunaomba ipate nafasi katika sharika na katika mafunzo ya watumishi wetu. Lakini thamani yake haitahesabiwa kwa idadi ya waliohudhuria. Itaonekana miezi kadhaa baadaye, siku ya kusafisha ndiva, mtu akichelewa kufika na mwenzake akamwita Sungura; na yule, badala ya kukasirika, akauliza mbele ya wote kwa nini maji hayafiki kwake. Wakimjibu, hadithi imefanya kazi yake.